Ikiwa viini vyote huishia kuwa tulivu, kwa nini nusumaisha zake huamua wingi wa elementi nzito?

Mwanafunzi wa Viini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu.

Ninaandika programu ya kompyuta inayofuatilia mbunguo (kiini kugeuka chenyewe kuwa kingine) wa viini vya atomu vyenye nyutroni nyingi kupita kiasi, kwa lengo la kuelewa jinsi elementi zilizo nzito kuliko chuma zilivyoundwa. Picha ya jumla ninaifahamu, ile iliyowekwa mwaka 1957 na Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, na mwaka huohuo, kwa kazi yake mwenyewe, Alastair Cameron. Karibu nusu ya elementi hizo hutokana na mchakato wa polepole ndani ya nyota zilizozeeka, ambapo kiini hunasa nyutroni moja na kwa kawaida hupata muda wa kubunguka kabla ya kunasa nyingine. Nusu iliyobaki hutokana na mchakato wa haraka, ambapo nyutroni humiminika kwa wingi kiasi kwamba kiini hunasa nyingi mfululizo kabla hakijabadilisha hata moja kuwa protoni.

Kinachonitatiza ni hiki. Katika mbunguo wa beta nyutroni moja hugeuka protoni, elektroni na antinyutrino hutoka, na namba ya masi, yaani jumla ya protoni na nyutroni, haibadiliki. Kiini chenye masi 195 kitapita hatua kadhaa na hatimaye kitakuwa platini 195, iwe kila hatua imechukua milisekunde 50 au saa mbili. Kama mwisho ni uleule, kwa nini vichapuzi vikubwa vinajengwa ili kupima nusumaisha (muda ambao nusu ya viini hubunguka) za viini vinavyotoweka kabla sekunde moja haijaisha? Je, siwezi kuchukua wingi wa kila namba ya masi pale unasaji unapokoma, nikauhamishia wote kwenye kiini tulivu cha namba hiyo?

Tatizo la pili ni la programu yenyewe. Ninatumia njia ya Euler ya kusonga mbele, inayokokotoa kila hatua ya muda kwa wingi wa mwanzo wa hatua, na nikiongeza hatua ya muda kidogo tu, wingi wa baadhi ya viini huwa hasi na mahesabu yote hulipuka. Nikiipunguza, programu haimalizi kazi. Nitashukuru kwa maelekezo yoyote.

Mvuna Nyutroni alijibu:

Ndugu, hoja yako ni sahihi kwa kipindi kimoja tu, yaani baada ya nyutroni huru kwisha. Kabla ya hapo unasaji na mbunguo huenda pamoja, na nusumaisha ndizo zinazoamua ni viini vingapi vitakuwa na masi 195 wakati unapotaka kuvihamisha.

Tazama hali ilivyo ndani ya mata inayorushwa nje nyota mbili za nyutroni zinapogongana. Nyutroni huru huzidi 10^20 katika kila sentimita ya ujazo, na joto huwa katika kiwango cha kelvini bilioni 1. Kiini cha elementi fulani hunasa nyutroni moja baada ya nyingine hadi kifike mahali ambapo nyutroni inayofuata inashikwa kwa nishati ndogo tu, karibu MeV 2 au 3 (MeV ni kizio cha nishati ya viini), na fotoni za joto hilo huing'oa tena bila kuchelewa. Kwa hiyo, miongoni mwa isotopi za elementi moja, yaani viini vyake vinavyotofautiana kwa idadi ya nyutroni, unasaji na ung'oaji husawazishana upesi, na wingi wa kila isotopi huamuliwa na joto, msongamano wa nyutroni na nishati ya kushika nyutroni. Nusumaisha hazina usemi hapo. Lakini ili mtiririko uvuke kwenda elementi inayofuata, ni lazima nyutroni moja igeuke protoni, na mlango wa kuvukia ni mbunguo wa beta.

Mtiririko ukishatulia, idadi ya viini vinavyovuka kila sekunde huwa karibu sawa katika kila mlango, na idadi hiyo ni wingi wa kiini ukizidishwa kwa kasi yake ya kubunguka. Pale mbunguo unapokuwa wa polepole, viini hurundikana, kama foleni ya magari inavyorefuka kwenye daraja jembamba. Kiini chenye nusumaisha maradufu ya mwenzake kitarundika wingi maradufu. Wingi huo ndio utakaobaki nyutroni zikiisha, na huo ndio unaotaka kuuhamishia kwenye viini tulivu. Hivyo nusumaisha zimekwisha kufanya kazi yao kabla hujaanza kuzipuuza.

Foleni ndefu zaidi hutokea idadi ya nyutroni inapofika 50, 82 au 126, kwa sababu ganda la nyutroni limejaa, nyutroni ya ziada haishikiki vizuri, na kiini hulazimika kusubiri mbunguo mara kadhaa mfululizo kabla ya kuendelea. Matokeo yake ni vilele vitatu vya wingi, karibu na masi 80, 130 na 195. Kilele cha tatu ndicho chenye osmi, iridi, platini na dhahabu. Mchakato wa polepole nao hukutana na namba zilezile za nyutroni, ila vilele vyake viko juu kidogo, karibu na masi 88, 138 na 208. Sababu ni kwamba mchakato wa polepole hupita jirani na viini tulivu, ambako kiini chenye nyutroni 82 huwa na protoni 56, yaani bari 138, ilhali mchakato wa haraka hufika kwenye nyutroni 82 ukiwa na protoni 48 hivi, na masi huwa 130. Mimi huona kuwa pengo hilo kati ya vilele ni mojawapo ya ushahidi mzuri kuliko yote tulio nao: linaonyesha njia ilipopita, ingawa viini vya njia hiyo vilitoweka mabilioni ya miaka iliyopita.

Kadimi 130 inastahili kutazamwa kwa karibu. Ina protoni 48 na nyutroni 82, na mbunguo wake hupitia indi, bati na antimoni hadi teluri 130, katikati kabisa ya kilele cha pili. Kwa muda mrefu nusumaisha yake ilichukuliwa kuwa milisekunde 162. Vipimo vya maabara ya RIKEN nchini Japani, vilivyochapishwa mwaka 2015 pamoja na vya viini vingine hadi jumla ya 110, vilitoa karibu milisekunde 127, na vipimo vilivyofuata mahali pengine vilikubaliana navyo. Kupungua kwa sehemu moja kwa tano kunaweza kuonekana kudogo, lakini thamani ile ya zamani ilikuwa imetumika kusawazisha mahesabu ya viini vingine vyenye nyutroni 82 ambavyo havikuwa vimepimwa. Kosa la kipimo kimoja liliambukiza safu nzima, na nusumaisha za safu hiyo zote zikatabiriwa kuwa ndefu mno.

Kuna jambo la muda pia. Safari yote kutoka kwenye viini vya mwanzo hadi urani huchukua takriban sekunde moja, na nyutroni hazisubiri mtu. Jumla ya muda wa kusubiri katika vituo vyote ndiyo inayoamua kama mtiririko utafika kilele cha tatu kabla nyutroni hazijaisha. Vituo vya nyutroni 82 vikichelewa mno, dhahabu itakuwa kidogo hata kama kila kitu kingine kimewekwa sawasawa.

Mwisho, lile dai kwamba masi haibadiliki linahitaji kurekebishwa. Viini hivi vina nishati kubwa sana ya mbunguo, na mara nyingi kiini kinachozaliwa hubaki kimesisimka kuliko nishati inayoshika nyutroni yake, hivyo hutema nyutroni moja, mbili au zaidi. Masi hushuka, na nyutroni zilizotemwa hunaswa na viini vingine wakati mtiririko mkuu umekwisha simama, jambo linaloweza kusogeza kilele cha tatu na kulainisha tofauti kati ya masi shufwa na witiri. Juu ya masi 209 hakuna kiini kilicho tulivu, kwa hiyo viini vya huko hutoa chembe za alfa hadi vifike risasi au bismuthi, isipokuwa thori na urani ambazo hudumu kwa mabilioni ya miaka. Vilivyo vizito zaidi hupasuka vipande viwili, na vipande hivyo huangukia mbali chini, vingi vikiwa karibu na kilele cha pili au juu yake kidogo. Ukihamisha kwa namba ya masi peke yake utapata makadirio ya kwanza, lakini hutapata maumbo ambayo wataalamu wa nyota wanalinganisha na Jua.

Hatua kwa Hatua alijibu:

Naongeza kuhusu programu, kwa kuwa Mvuna Nyutroni ameshughulikia fizikia yenyewe.

Tatizo lako linasababishwa na upana wa nyakati zilizomo ndani ya mfumo mmoja. Una nusumaisha za milisekunde moja bega kwa bega na nusumaisha za mabilioni ya miaka, yaani tofauti ya takriban mara 10^20. Njia ya kusonga mbele hulazimishwa kufuata kiini chenye haraka kuliko vyote, hata baada ya kiini hicho kutoweka na kubaki bila mchango wowote. Chukua nusumaisha ya milisekunde 1: kasi yake ya kubunguka ni 693 kwa sekunde, na hatua ya muda haiwezi kuzidi milisekunde 2.9 bila mahesabu kulipuka. Kuhakikisha wingi haugeuki hasi kunahitaji hatua ya nusu ya hiyo. Kufuatilia siku moja tu kwa hatua za milisekunde 2.9 kunahitaji hatua karibu milioni 30, na wewe unahitaji miaka.

Dawa yake ni njia ya Euler ya kurudi nyuma, ambayo kasi za mbunguo hukokotolewa kwa wingi wa mwisho wa hatua badala ya wa mwanzo. Kila hatua hukugharimu kutatua mfumo wa milinganyo, lakini hatua inaweza kurefushwa kadiri mambo yanavyotulia, na katika mbunguo mtupu wingi hauwezi kuwa hasi. Kama mtandao wako una mbunguo peke yake, huhitaji hata kutatua matriki kamili. Panga viini ili mzazi atangulie mtoto, kisha tatua kimoja kimoja kutoka juu. Ukishaingiza unasaji wa nyutroni, milinganyo hushikana kupitia nyutroni huru na utahitaji njia ya Newton, ya kukisia jibu na kulirekebisha mara kwa mara, pamoja na matriki yenye sifuri nyingi. Mitandao kamili ina viini kati ya 5,000 na 8,000, na programu huria kama SkyNet na WinNet hufanya kazi kwa misingi hiyo. Ningependa uisome mojawapo baada ya kumaliza yako, si kabla, kwa sababu mtu hujifunza mengi anapojenga mtandao mdogo kwa mkono wake.

Usishawishike kutumia fomula ya Bateman ya mwaka 1910, inayotoa jibu la mnyororo wa mbunguo moja kwa moja, kwa minyororo mirefu. Ni sahihi kwa karatasi, lakini ina vigawanyiko vya tofauti kati ya kasi za mbunguo, na viini viwili vikiwa na nusumaisha zinazokaribiana, kompyuta hutoa namba kubwa mbili zinazokaribia kufutana na usahihi wote hupotea.

Kuhusu majaribio, watu wengi hukagua kwamba jumla ya masi haibadiliki kisha wakaridhika. Katika njia ya kurudi nyuma jumla hiyo huhifadhiwa hata kama hatua zako ni ndefu kupita kiasi na majibu ni ya ovyo, kwa hiyo kipimo hicho kinakuambia tu kuwa umeunganisha wazazi na watoto vizuri. Fanya jaribio lenye jibu linalojulikana. Anza na urani 238 safi, ambayo nusumaisha yake ni miaka bilioni 4.468, uiache programu iende miaka milioni kadhaa, kisha uhesabu radi 226, yenye nusumaisha ya miaka 1,600. Uwiano wa atomu zake kwa zile za urani lazima ukaribie uwiano wa nusumaisha, yaani atomu 358 za radi kwa kila atomu bilioni moja za urani. Ukipata 358, mnyororo wako na nusumaisha ulizoingiza ni vya kuaminika. Ukipata 340, usiendelee mbele hadi ujue 18 zimepotelea wapi.

Mwanafunzi wa Viini alijibu:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimebadilisha njia ya kutatua, na jaribio la radi limetoa uwiano unaotakiwa. Maelezo kuhusu mtiririko uliotulia yamenifungulia mlango ambao sikuuona.

Sasa nauliza kuhusu data. Ninapotazama majedwali, nusumaisha nyingi ninazozihitaji karibu na nyutroni 126 hazijapimwa bali zimekokotolewa, na modeli mbili tofauti hutofautiana mara mbili, wakati mwingine mara kumi. Hukokotolewa vipi, na mtu achague ipi? Tena, nimesoma kwamba mwanga wa mgongano wa nyota mbili za nyutroni wa mwaka 2017 ulitokana na mbunguo huu. Je, programu yangu inaweza kukokotoa joto hilo?

Mvuna Nyutroni alijibu:

Msingi wa nadharia umebaki ule wa Enrico Fermi wa mwaka 1934. Kasi ya mbunguo wa beta ni zao la mambo mawili: nafasi ya nishati wanayogawana elektroni na antinyutrino, na uwezekano wa kiini cha mzazi kugeuka kuwa hali fulani ya kiini cha mtoto. Jambo la kwanza hukua takriban kwa kipeo cha tano cha nishati inayotolewa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kama mpito una MeV 10 na modeli yako ya masi imekosea kwa MeV 0.6, kiwango ambacho modeli nzuri hukosea hata kwa viini vilivyokwisha kupimwa, basi kasi hubadilika kwa karibu theluthi moja. Katika viini visivyopimwa kosa la masi huwa kubwa zaidi.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa sababu linahitaji kujua nyutroni na protoni zilivyopangwa. Kuna njia mbili kuu. Moja ni modeli ya maganda, ambayo huzingatia kwa makini jinsi chembe za maganda ya nje zinavyoathiriana. Ni sahihi sana, lakini mahesabu yake hukua upesi mno, hivyo hutumika zaidi karibu na nyutroni 50, 82 na 126, ambako maganda yaliyojaa hupunguza kazi. Nyingine hutazama msisimko wa kiini kizima kama mitikisiko midogo inayozunguka hali yake ya chini, na kwa njia hiyo jedwali la viini vyote linaweza kukokotolewa. Majedwali mengi unayoyaona yametokana na hii ya pili.

Zote hukutana na tatizo moja lililodumu kwa miongo mingi: mipito ya aina ya Gamow-Teller, ile ya kawaida katika mbunguo wa beta wa viini hivi, inayokokotolewa huwa na nguvu kuliko inayopimwa, na watafiti walizoea kuipunguza kwa kuzidisha kigezo cha karibu 0.75 bila sababu ya kuridhisha. Mwaka 2019 kundi la wanafizikia lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo hutoweka ukihesabu kikamilifu uhusiano kati ya chembe za kiini, pamoja na matukio ambapo chembe mbili hushiriki mbunguo kwa pamoja. Kwangu hayo ni maendeleo makubwa, kwa sababu kigezo kisichoeleweka hakiwezi kupelekwa kwa imani kwenye viini ambavyo hakuna aliyeviona.

Karibu na nyutroni 126 kuna tatizo la ziada. Obiti za nyutroni na za protoni zinazohusika huwa na ulinganifu unaopingana, na mipito ambayo kwingineko hupuuzwa kwa kuwa imekatazwa kwa daraja la kwanza, yaani kwa kawaida huenda polepole zaidi, huanza kushindana na ile ya kawaida. Modeli isiyoihesabu hutoa nusumaisha ndefu kupita kiasi. Kabla ya kuchagua jedwali, hakikisha mipito hiyo imo. Vichapuzi vya RIKEN, vya Darmstadt nchini Ujerumani, na kile cha Michigan nchini Marekani kilichoanza majaribio mwaka 2022, vinasogea kuelekea eneo hilo, lakini sehemu kubwa ya njia ya mchakato wa haraka bado iko mbele yao.

Mwanga wa Mwisho alijibu:

Naomba nijibu kuhusu joto, kwa kuwa ndilo eneo ninalolipenda kuliko yote.

Tarehe 17 Agosti 2017 vigunduzi vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi NGC 4993, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Mwanga uliofuata ulianza na rangi ya buluu, kisha ukawa mwekundu ndani ya siku chache. Mata iliyorushwa, ambayo inakadiriwa kuwa karibu sehemu moja kwa ishirini ya masi ya Jua, ilikuwa ikipanuka na kupoa, na isingeweza kuendelea kung'aa kama mbunguo haungeipasha joto kila saa.

Programu yako inaweza kukokotoa joto hilo: zidisha kasi ya kila mbunguo kwa nishati inayotoka, ondoa sehemu inayotoroka na antinyutrino, kisha jumlisha. Utaona jambo la kupendeza. Kiini kimoja hupungua kwa mkunjo wa kipeo, lakini jumla ya maelfu ya viini hufuata sheria nyingine kabisa, joto likipungua kama muda uliopandishwa kwa kipeo cha karibu -1.3. Sababu yake unaweza kuipata kwa kalamu. Chukulia nusumaisha zimetawanyika sawasawa kwenye mizani ya logi: idadi ileile kati ya sekunde 1 na 10, kati ya 10 na 100, na kuendelea. Jumla ya kasi za mbunguo hutoka kama kipeo cha -1. Kisha kumbuka kipeo cha tano cha Fermi: viini vinavyodumu zaidi hutoa nishati ndogo, ambayo hupungua kama muda kwa kipeo cha -1/5. Ukiviunganisha unapata -1.2, karibu sana na mahesabu kamili, kwa hoja inayoenea nusu ukurasa.

Wekundu wa mwanga una sababu tofauti, nao ni lanthanidi, kundi la elementi nzito linaloanzia lanthani. Elektroni zake za nje zina mipangilio mingi mno inayofyonza mwanga, hivyo mata yenye lanthanidi hata kidogo huzuia buluu na kupitisha infraredi. Mwaka 2019 dalili za stronti zilitambuliwa ndani ya spektra ya tukio hilo, na mwaka 2023 darubini ya James Webb iliona alama inayoelekea kuwa ya teluri katika mlipuko mwingine, ule wa tarehe 7 Machi 2023. Teluri ni elementi ya kilele cha pili, pale pale kadimi 130 inapoishia.

Naongeza tahadhari moja kuhusu nusumaisha zenyewe. Zinazopimwa maabara ni za atomu zenye elektroni zake. Reni 187 ya kawaida ina nusumaisha ya takriban miaka bilioni 42, lakini ilipovuliwa elektroni zote huko Darmstadt, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996, nusumaisha ilishuka hadi karibu miaka 33, kwa kuwa elektroni inayozaliwa ilipata obiti tupu ya kukaa. Disprosi 163, ambayo ni tulivu kabisa ikiwa na elektroni zake, hubunguka kwa nusumaisha ya siku 47 hivi ikivuliwa zote. Katika mchakato wa haraka jambo hili halina athari kubwa, kwa sababu nishati za MeV 10 hazijali obiti moja, lakini ukigeukia mchakato wa polepole, huwezi kuliacha nje ya mtandao wako.

Mwanafunzi wa Viini alijibu:

Hoja ya kipeo cha -1.2 nimeirudia kwa kalamu na imekubali. Nimekusudia sasa kupima ukubwa wa mashaka: nitabadilisha kila nusumaisha isiyopimwa kwa namba nasibu, kila moja peke yake, kuipunguza au kuiongeza hadi mara mbili, na kurudia mahesabu mara nyingi ili nione mtawanyiko wa wingi wa dhahabu. Je, utaratibu huo unafaa?

Hatua kwa Hatua alijibu:

Unafaa kwa jambo moja na utakudanganya kwa jingine.

Ukitaka kujua ni kiini gani kinachobadilisha umbo la kilele cha tatu, badilisha moja moja, na utaona kwamba viini vichache vyenye nyutroni 126 vina uzito mkubwa huku mamia ya vingine yakiwa hayana athari ya kuonekana. Lakini makosa ya modeli hayatokei kila moja peke yake. Modeli iliyoacha mipito iliyokatazwa imerefusha nusumaisha za safu nzima kwa pamoja, na kisa cha kadimi 130 kimekuonyesha jinsi kosa moja linavyosambaa. Ukichukulia vituo 40 vyenye muda sawa wa kusubiri, kila kimoja kikiwa na mashaka ya asilimia 50 yasiyohusiana na ya wenzake, mashaka ya muda wote wa safari hushuka hadi asilimia 8 hivi, kwa kuwa ya juu na ya chini hufutana. Mashaka hayohayo yakisogea pamoja, yanabaki asilimia 50. Tofauti hiyo inatosha kuamua kama mtiririko unafika kwenye dhahabu au unaishiwa nyutroni njiani.

Kwa hiyo fanya mahesabu mara mbili, na uyatoe matokeo yakiwa yametenganishwa. Kwanza fanya kama ulivyokusudia. Kisha chagua kigezo kimoja nasibu kwa safu ya nyutroni 82, kingine kwa safu ya 126, na kingine kwa viini vilivyo katikati, ukivizidisha nusumaisha zote za kundi kwa pamoja, huku zilizopimwa zikibaki ndani ya mipaka ya vipimo vyake. Ukiweza kupata majedwali mawili au matatu yaliyokokotolewa kwa modeli tofauti kabisa, pitisha kila moja likiwa zima bila kuyachanganya, kwa sababu masi, nusumaisha na uwezekano wa kutema nyutroni vya jedwali moja vinategemeana, na ukichukua masi za huku na nusumaisha za kule utakuwa unapima modeli ambayo haipo.